Moto Hutawaliwa na Tundu
Mhadhara uliotolewa Kihurio, wilaya ya Same



Nimesikia minong'ono tangu asubuhi. Watu wanaulizana, huyu mtoto wa fundi karabai amerudi kutoka Marekani, eti anataka kutufundisha habari za tanuri la kupashia nyumba joto. Kihurio! Mahali ambapo kuku wenyewe mchana wanatafuta kivuli. (Cheko.) Ni haki yenu kucheka, lakini nivumilieni kidogo. Kusudi langu ni kuwaonyesha kwamba kichomeo cha mafuta nilichokitengeneza kwa miaka mingi katika baridi ya Portland, jimbo la Maine, na jiko la primus ambalo baba yangu alilitengeneza siku za gulio chini ya mkwaju, na jiko la gesi ambalo wengi wenu mmelinunua mwaka huu, ni ndugu wa tumbo moja. Vyote vinaendeshwa na kitu kidogo cha shaba chenye tundu ambalo jicho linalipata kwa shida. Mafundi wanakiita nozeli. Nimekuja na hoja tano, nazo hazilingani urefu. Moja itanichukua muda kwa sababu ndani yake kuna aibu yangu mwenyewe.

Hoja ya kwanza: mafuta hayawaki.

Kinachowaka ni mvuke wa mafuta uliochanganyika na hewa. Mafuta ya taa yaliyotulia kwenye sufuria baridi yanaweza kuzima kijiti cha kibiriti kama maji yanavyokizima, kwa sababu hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Petroli ni kiumbe mwingine. Hiyo hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali kuliko barafu. Vijana, msiende kujaribu nyumbani. Tofauti hiyo nitairudia baadaye kwa sababu imeunguza watu.

Basi kazi ya kila kichomeo ni kuyageuza mafuta yawe kitu ambacho hewa inaweza kukikumbatia. Jiko la mchina linatumia utambi: mafuta yanapanda taratibu na kuvukizwa nchani. Primus na karabai zinatumia joto lao lenyewe. Ndiyo maana mama alimimina spiriti kidogo kwenye kikombe, akaiwasha, akangoja shingo ya jiko ipate moto ndipo apige pampu. Aliyekosa subira alipata ndimi za njano hadi darini. Jiko la primus lilitokana na kazi ya Frans Wilhelm Lindqvist wa Stockholm, mwaka 1892, na halikukaa jikoni tu. Amundsen, msafiri wa barafuni, alikwenda nalo Ncha ya Kusini mwaka 1911.

Njia ya tatu ndiyo ya tanuri la Maine. Kule zaidi ya nusu ya nyumba zinapashwa joto kwa mafuta, mafuta yenyewe yakiwa ndugu wa dizeli. Tangi linakaa chini ya nyumba. Pampu inayavuta mafuta na kuyasukuma kwa presha ya ratili 100 kwa kila inchi ya mraba, na wenye magari mnajua kwamba tairi dogo tunalijaza kama 30 tu. Mafuta yanaingia kwenye nozeli kupitia mifereji midogo iliyochongwa upande, kwa hiyo yanaanza kuzunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Yakitoka tunduni yanatawanyika kuwa ukungu wenye umbo la pia iliyogeuzwa, vitone vingi vyake vikiwa vyembamba kuliko unywele. Cheche za umeme wa volti 10,000 zinaruka mbele ya ukungu huo, feni inaleta hewa, na moto unashika kwa mngurumo. Kuna hata jicho dogo linalotazama kama moto umeshika. Lisipouona, linazima mtambo kabla nyumba haijajaa mafuta.

Hoja ya pili: ndiva inajua hesabu hii.

Wazee wa milimani wataniunga mkono hapa. Ndiva, bwawa letu la maji ya shamba, inajazwa usiku, asubuhi inafunguliwa, maji yanashuka kwenye mfongo hadi shambani. Ukitaka maji mengi zaidi una njia mbili: kuongeza kina cha maji nyuma ya ukuta, au kupanua tundu la kutolea. Sasa, anayedhani kwamba kuongeza kina maradufu kutaongeza maji maradufu amekosea. Ili maji yanayotoka yawe mara mbili, kina juu ya tundu kinatakiwa kiwe mara nne. Lakini tundu ukilipanua kipenyo chake kidogo tu, sehemu ya kumi, maji yanaongezeka kwa zaidi ya sehemu ya tano.

Nozeli inafuata sheria hiyo hiyo. Nozeli iliyoandikwa 0.85, maana yake hupitisha galoni 0.85 kwa saa kwa presha ya ratili 100, ukiipandishia presha hadi 140 inafikia galoni 1 tu. Ukitaka ipitishe mara mbili ungehitaji ratili 400. Kwa hiyo presha ni mtumishi mvivu, na tundu ndilo bwana. Wale wanaopiga pampu ya karabai mpaka jasho linawatoka ili mwanga uongezeke, wanapoteza nguvu zao mahali pasipo na faida, na siku moja watapoteza na tangi.

Na hili la moto kupitia tundu halikuletwa na meli. Kule Ugweno, ambako sasa ni wilaya ya Mwanga, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kufua chuma, na kabla ya ukoo wa Wasuya kuchukua utawala, wao ndio waliotawala. Profesa Isaria Kimambo aliyakusanya masimulizi hayo na kitabu chake juu ya historia ya Wapare kikatoka mwaka 1969. Mfua chuma alisukuma hewa kwa mivukuto ikapita kwenye mrija wa udongo hadi moyoni mwa makaa. Yeye alipitisha hewa tunduni, sisi tunapitisha mafuta. Lakini swali lake lilikuwa hili letu: mdomo wa mrija uwe na upana gani, na uelekezwe wapi?

Hoja ya tatu: nozeli haichaguliwi kwa tamaa.

Hapa ndipo penye aibu yangu.

Nozeli ya tanuri ina mambo matatu yaliyochongwa ubavuni. La kwanza ni kiasi, yaani galoni kwa saa. La pili ni pembe ya ukungu, nyuzi 60, 70, 80 na kadhalika. La tatu ni herufi inayosema ukungu wenyewe umepangwaje: kama vitone viko pembeni na katikati ni tupu, au vimejaa mpaka katikati, au ni mchanganyiko unaokubali pande zote. Pembe inafuata umbo la chumba cha moto. Chumba kirefu chembamba kinataka pembe finyu. Chumba kifupi cha mviringo kinataka pembe pana. Ukikosea, ukungu unapiga ukuta kabla haujawaka, na mafuta yanayogusa ukuta yanageuka masizi. Kupanga katikati au pembeni kunafuata jinsi feni ya kichomeo hicho inavyopeleka hewa. Mtengenezaji wa tanuri huwa ameandika kwenye kibati kilichobandikwa mlangoni nozeli ipi inafaa, na fundi mwenye akili anaanza kwa kupiga magoti na kufuta vumbi kwenye kibati hicho.

Mimi sikupiga magoti. Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi, mwezi wa pili, nje baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Nikapelekwa kwenye nyumba ya mbao aliyokuwa anaishi mama mmoja kutoka Bukavu na watoto wake. Aliposikia Kiswahili changu alifurahi kama ameona ndugu. Akaniambia, "Kaka, hii nyumba haishike joto. Utusaidie." Nikashuka chini, nikafungua kichomeo, nikakuta nozeli ya 0.75. Kwenye mkoba nilikuwa na ya 1.00. Nikajiambia, huyu ni mtu wa kwetu, nitampa moto wa kutosha. Nikabadilisha, nikawasha, ukanguruma vizuri, nikapewa chai ya tangawizi, nikaondoka nikijisifu.

Wiki mbili baadaye simu ikapigwa ofisini. Nyumba inanuka mafuta, kuta zina weusi, na joto ni lile lile. Tulikwenda na msimamizi wangu, mzee mmoja mkimya. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulipima moshi?" Kuna pampu ndogo ya mkono inayovuta moshi kutoka kwenye bomba kupitia karatasi nyeupe, doa linalobaki unalilinganisha na kipimo kinachoanza sifuri hadi tisa. Sifuri ni karatasi safi. Ya kwangu ilitoka nyeusi kama chungu cha makande.

Nilikuwa nimeongeza mafuta kwa theluthi nzima, hewa nimeiacha ilivyokuwa, na chumba cha moto ni kile kile kidogo. Mafuta yaliyokosa hewa yalikuwa yanageuka masizi na kujipanga kwenye njia za moshi kama blanketi, kwa hiyo hata joto lililokuwapo halikufika kwenye maji yanayozunguka mabombani kupasha vyumba joto. Na moto mkubwa ulikuwa unapasha maji ya karibu haraka, mtambo unazima, unawaka tena, unazima. Kila unapowaka ndipo unapotoa uchafu mwingi, kabla moto haujatulia. Baya zaidi, moto uliokosa hewa unazaa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi inayoua watu usingizini. Watoto wanne walikuwa wanalala juu ya kosa langu.

Tulisafisha siku nzima. Tukarudisha 0.75. Kisha yule mzee akazunguka vyumbani na kifunguo kidogo, akafungua kizibo kwenye kila bomba la joto lililoko ukutani. Likatoa hewa, fyuuu, kisha maji. Nusu ya mabomba ya nyumba ile yalikuwa yamejaa hewa, maji ya moto hayapiti. Jioni mama wa Bukavu alikuwa anafungua dirisha.

Nozeli ile ya 0.75 inachoma lita 2.8 kwa saa na kutoa joto la kilowati kama 30, sawa na plati kumi hivi za jiko la gesi zikiwaka pamoja. Moto ulikuwepo tele tangu mwanzo. Mimi nilitibu mguu wakati jino ndilo linalouma.

Tena kuna maajabu ambayo wanafunzi wa fizikia wataniuliza. Matangi mengine huwekwa nje, na baridi ikizidi mafuta yanakuwa mazito. Je, mafuta mazito yatapita machache au mengi kwenye nozeli ile ile? (Sauti: "Machache!") Ndivyo nilivyojibu na mimi, nikakosa mtihani. Yanapita mengi. Mafuta mepesi yanazunguka kwa kasi mno ndani ya nozeli hadi katikati ya tundu panabaki nafasi ya hewa, kama shimo la katikati ya maji yanayozunguka. Mafuta mazito yanazunguka kivivu, ile nafasi inajaa, na tundu zima linapitisha mafuta. Yanatoka mengi, kwa vitone vinene vinavyowaka vibaya. Kwa hiyo wenye tangi nje huona moshi mweusi asubuhi ya baridi kali hata kama jana yake kila kitu kilikuwa sawa.

Hoja ya nne: badilisha, usichokonoe.

Sisi Wapare tunatungiwa vichekesho kwa kubana matumizi. Mimi naona ni sifa. Ila kuna mahali ubahili unatoboa mfuko. Nozeli ya tanuri hubadilishwa kila mwaka kabla ya baridi, pamoja na chujio la mafuta, hata kama inaonekana nzima. Haisafishwi kwa waya wala kwa brashi. Ukingo wa tundu lake umenolewa. Mkwaruzo mmoja unapinda ukungu wote upande mmoja. Tulifundishwa hata tusiiguse nchani kwa kidole.

Primus iliruhusu sindano ya kuzibulia tundu, na baba alikuwa nazo zimechomekwa kwenye kola kama mshonaji. Lakini ilikuwa sindano ya kipimo chake, waya mwembamba uliouzwa kwa kazi hiyo. Watu waliokosa sindano walitumia uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Tundu la primus kubwa lina kipenyo cha kama milimita 0.32. Lichokonoe mpaka 0.35, tofauti ambayo jicho halioni, na umeongeza mafuta karibu sehemu ya tano. Jiko linaanza kunuka, sufuria linakuwa jeusi, na mwenye jiko anasema siku hizi mafuta ni mabaya.

Ingawa, kusema kweli, kulikuwa na wakati mafuta yalikuwa mabaya kweli. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, wajanja wakayachanganya kwenye dizeli na petroli. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka alama ya kitaalamu kwenye mafuta ili mchanganyiko ugundulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Dawa ilifanya kazi upande mmoja, na upande wa pili ikamuumiza bibi wa kijijini aliyenunua nusu chupa kwa ajili ya kibatari. Hatari kubwa kwa mtumiaji wa jiko ilikuwa pale mchanganyiko ulipokwenda kinyume, petroli ikaingia kwenye dumu la mafuta ya taa, hata kwa bahati mbaya tu, dumu lisilosuuzwa. Nimewaambia tofauti ya mivuke yao. Jiko lenye presha ndani halisamehe kosa hilo. Dumu la petroli lisiguse mafuta ya taa kamwe, hata likikaushwa juani.

Na mwenye mtoto au ndugu anayeishi kule kwenye matanuri, mwambie hivi: mtambo ukizima, kuna kitufe chekundu cha kuuwasha upya. Abonyeze mara moja tu. Ukikataa, amwite fundi. Kila kubonyeza kunamwaga mafuta ambayo hayajawaka ndani ya chumba, na siku yatakaposhika yatashika yote kwa pamoja, mlango wa tanuri uende ukutani.

Hoja ya tano: tundu la gesi, hapa Kihurio, mwaka huu.

Tarehe 8 Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imefika hata kwenye vibanda vya njia ya Mkomazi. Nafurahi, maana milima yetu ya Shengena imechoka kukatwa kuni. Lakini mitungi imefika kabla ya mafundi.

Ndani ya kila plati la gesi kuna nozeli. Ukiondoa kichomeo na kuchungulia, utaona kipande cha shaba chenye namba. Kwenye majiko mengi namba hiyo ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. Gesi ya mtungi ina joto jingi kwa ujazo wake na hutoka kwa presha kubwa zaidi, kwa hiyo inataka tundu dogo. Gesi asilia, ile ya mabomba inayotoka Songo Songo na kufika kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, inataka tundu kubwa zaidi. Sasa ndugu yako anakuletea jiko zuri la mtumba kutoka Ulaya, limefungwa nozeli za gesi ya mabomba. Unaliunganisha na mtungi. Moto unaruka wa njano, mtungi unaisha kabla ya mwezi, na lawama zinamwendea muuza gesi. Mara nyingi nozeli ndogo zilikuja na jiko hilo likiwa jipya, kwenye kifuko, na mwenye jiko wa kwanza akakitupa.

Urefu wa mahali nao una neno lake. Hapa tuko tambarare, lakini kilele cha Shengena kina mita 2,462, na vijiji vya juu vina hewa nyepesi kuliko yetu. Moto ule ule ukipandishwa huko unapata hewa pungufu kidogo. Watengenezaji hupunguza kiasi cha gesi kwa majiko ya nyanda za juu. Kwa hiyo jiko lililowaka bluu hapa likipelekwa kwa shangazi mlimani na kuanza kuonyesha ncha za njano, kabla ya kusema limerogwa, fungua kwanza mlango wake wa hewa. Kisha angalia kama buibui hajajenga ndani ya mrija. Wanapenda sana humo. Na makande yakifurika, yafuteni siku ile ile. Yakikauka kwenye vitundu vya moto ni saruji.

Ndugu Mwenyekiti, umenionyesha saa, nami namalizia. Nimekuja na sanduku. Ndani yake kuna nozeli za gesi za vipimo mbalimbali, spana zake, kioo cha kukuzia, na ile pampu ya kupimia moshi pamoja na karatasi zake. Nimezungumza na mwalimu wa fizikia na tumekubaliana sanduku libaki shuleni, mikononi mwa wanafunzi sita ambao ameshawachagua, wavulana watatu na wasichana watatu. Mwakani, wakimaliza kidato cha nne, wawe wamewafundisha sita wengine. Tutaandika daftari moja: jiko la nani, nozeli namba ngapi, moto wa rangi gani kabla na baada, mtungi umedumu siku ngapi. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litatuambia kuhusu Kihurio mambo ambayo hayajaandikwa popote.

Tutaanza Jumamosi saa mbili asubuhi, pale chini ya mkwaju. Mwenye jiko la moto wa njano alilete. Mtungi auache nyumbani, tunao wa kupimia. Na mwenye primus ya zamani iliyosahaulika darini, hata kama imeota kutu, naomba sana aje nayo, maana sindano za baba bado ninazo.